Makufuli Mawili ya Tangi la Zahanati

Mlinzi wa zahanati alipofika kwenye baraza la maduka alimkuta fundi cherehani akikunja pindo la sketi ya shule. Hakusema alichotumwa. Alianza na habari za jua, akahamia kwenye vumbi la barabara, akausifia uzi, kisha akauliza kama zipu ya koti lake bado inaweza kuokolewa. Fundi akaondoa mguu kwenye pedeli. Mtu ambaye tangu wafahamiane salamu yake ilikuwa kuinua kidevu tu, leo anasifia uzi.

"Sema tu, ndugu yangu," fundi alisema.

"Mzee, wamempigia simu Daktari kutoka hospitali kubwa. Wanasema mgonjwa wetu amepumzika. Asubuhi hii."

"Amepumzika," fundi alirudia. "Yule? Kupumzika?"

Mlinzi akainamisha kichwa. Hata yeye alijua kwamba neno hilo halikumkaa vizuri yule mama.

Fundi alimalizia pindo lake. Baadaye watu walisema ana moyo wa jiwe. Ukweli ni kwamba mama wa mwanafunzi alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi akiisubiri ile sketi, amesikia kila kitu, na hakujua aondoke vipi bila kuichukua. Fundi akaikunja, akampa, mama yule akasema pole na asante kwa pumzi moja, akala kona. Hapo ndipo fundi alipoinamia cherehani yake, akalia.

Aliyekufa ni mke wake, nesi mkunga wa zahanati ya pale, ambaye watu wote walimwita Mama Mapipa, kwanza kwa kumcheka, kisha kwa mazoea. Moyo wake ulikuwa umechoka, na alipopelekwa hospitali kubwa alilazwa kwenye wodi yenye sinki zuri la kung'aa. Juu ya sinki palibandikwa picha ya mikono iliyojaa povu, na maneno makubwa ya kuwahimiza watu wanawe. Chini ya sinki palikuwa na ndoo, kwa sababu bomba lenyewe lilikuwa pambo. Fundi alikaa kando ya kitanda akingoja mkewe amwachie neno la kukumbuka. Wagonjwa wengine huwausia waume zao, huomba radhi, hutaja mbingu. Mama Mapipa alifungua jicho moja, akatazama chini ya sinki, akasema, "Mwambie huyo binti afunike ndoo." Binti, nesi wa zamu, akaifunika kwa sinia. Mama Mapipa akafumba jicho kama mtu aliyeuona wokovu. Hakusema tena neno ambalo mumewe alilisikia.

Mungu hakuwajalia watoto. Yeye alivuta duniani watoto wa wenzake, wengi mno, na mapenzi yake yaliyobaki akayaweka kwenye mapipa ya plastiki. Zahanati ilikuwa mwisho wa barabara, mahali ambapo dereva akifika huzima gari na kuuliza kama kweli kuna watu wanaishi huko. Maji yalitoka milimani kwa bomba moja lililopita kwenye mashamba, chini ya njia za ng'ombe na kando ya viwanja vya watu wenye majembe. Yalifika siku yalipojisikia. Wahusika walipoulizwa, walijibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi, na kazi hiyo ilifanywa kwa bidii kubwa sana, kwa sababu haikuwahi kuisha.

Kwa hiyo yule mama akaanza kukusanya mapipa. Aliyaomba kwa wenye maduka, akayasugua, akayapanga kwenye korido ya zahanati mpaka wagonjwa wakawa wanapita ubavu ubavu. Ya utepe wa bluu yalikuwa ya mikono na vidonda. Ya utepe mwekundu yalikuwa ya chumba cha kujifungulia, na ukichota humo kwa ajili ya kupiga deki ulipewa vidonge vyako bila maji ya kumezea. Kila pipa lilikuwa na kifuniko, na kila kifuniko kilikuwa na kitambaa cha kufungia, alichokishona nani kama si fundi. Vipande vyote vizuri vilivyobaki dukani kwake viliishia huko. Mapipa ya zahanati yalivaa vizuri kuliko fundi mwenyewe.

"Ungeolewa na kiwanda cha plastiki," alimwambia siku moja.

"Walikuja kuposa," mkewe akajibu, "baba akasema fundi amewahi."

Kisha kulikuwa na zile siku zake za ukavu. Asubuhi yoyote aliyoichagua mwenyewe, bila kumwambia mtu, alikwenda nyuma ya jengo akafunga koki kuu. Daktari wa pale, ambaye cheti chake hakikusema daktari lakini watu walimpandisha cheo wenyewe, alikuwa ameshajipaka sabuni hadi kwenye viwiko pale bomba lilipokohoa na kunyamaza.

"Nesi, maji yamekatika."

"Yamekatika, Daktari. Tutafanyaje?"

"Si umeyafunga wewe?"

"Leo mimi ni ng'ombe, nimekanyaga bomba. Mgonjwa anakungoja."

Na Daktari, povu likimkaukia mikononi, alilazimika kukumbuka pipa lipi ni la nini, kata iko wapi, nani anamwaga na nani ananawa. Alinung'unika kila mara. Alitishia kuandika barua ya kuomba uhamisho, na labda aliiandika. Lakini ikawa ukimwamsha usingizini ukamuuliza dawa ya kutibu maji inawekwa kiasi gani kwenye pipa, angekujibu kabla hajajua jina lake.

Wakubwa nao hawakulala. Waliandaa semina ya kuzifundisha zahanati za pembezoni namna ya kujiandaa maji yakikatika, na ili mafunzo yaingie vizuri, wakaifanyia kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mama Mapipa aliuliza ni nani atanunua vifuniko. Mwezeshaji akasema hilo ni swali zuri sana, litajibiwa baada ya chai. Baada ya chai walipiga picha ya pamoja. Alirudi nyumbani na kofia, begi, na uelewa mpana.

Haya yote yalikuwa ya kuchekesha mpaka lilipokuja jambo la uzinduzi.

Zahanati ilikuwa imejengewa tangi la zege nyuma, la kukinga maji ya paa. Liliitwa tangi la akiba, na Mama Mapipa alililinda kama mboni ya jicho. Kando ya lango likajengwa pia bomba jipya la jamii, lenye kibao cha marumaru na pazia dogo la bluu la kufunuliwa na mgeni rasmi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa maji. Pampu ilikuwa inangoja kifaa, na kifaa kilikuwa kinangoja mtu asaini. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mtu mnene wa sauti na mwepesi wa mpango, akaona aibu ya kumwita mgeni kuja kufungua upepo. Mama Mapipa alikuwa amekwenda kuzalisha kijiji cha mbali. Mwenyekiti akamwita fundi bomba, wakaunganisha tangi la akiba na lile bomba jipya kwa mpira uliofukiwa chini ya mchanga.

Sherehe ilifana. Mgeni akafungua, maji yakaruka, akina mama wakapiga vigelegele, mgeni akanawa, akanywa kidogo mbele ya kamera, akasema ladha yake ni ladha ya maendeleo. Koki ikaachwa wazi ili watu wafurahi, na watu wakafurahi mpaka tangi likakauka. Zahanati ikaandikwa huko juu kwamba sasa ina maji ya uhakika. Gari la maji lililokuwa likija mara moja moja likaambiwa lisiende tena, kwa sababu ni ubadhirifu kumpelekea maji mwenye maji.

Bomba la milimani likakatika wiki ile ile. Paa lilikuwa kavu, mapipa yalikwisha, akaletwa mwanamke mwenye uchungu, anatokwa damu. Mama Mapipa alinawa mikono kwa maji ya chupa yaliyobaki kwenye meza ya mgeni rasmi. Mtoto alipona. Mama yake alijifungua, akatabasamu, kisha akashikwa na homa, na homa ile haikumwachia. Walimzika. Mwenyekiti alihudhuria, akatoa rambirambi nzito, akasema kazi ya Mungu haina makosa.

Mama Mapipa alikaa nyumbani bila utani, na fundi, aliyezoea kutaniwa, alishindwa hata kumchokoza. Kisha mkewe akaenda kwenye kikao cha kamati na makufuli mawili. Moja ufunguo wake utakaa kwa Daktari, mwingine atakaa nao yeye. Tangi halifunguki bila wote wawili, na halifunguliwi ila kwa mama anayejifungua au mgonjwa anayevuja damu.

"Hutuamini, Nesi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Hata mimi sijiamini. Siku moja nitaona huruma, nimpe mtu maji ya kupikia."

Tangu siku hiyo watu walisema ana mkono wa birika. Ukame ulipobana walikuja kuomba, wakajibiwa, wakaondoka wakimsema. Wengine waliacha kumsalimia. Yeye aliwasalimia vile vile, kwa sauti ya juu zaidi, ili wakose pa kukimbilia.

Alipokufa, bomba la milimani lilikuwa limekatika tena. Greda lililoletwa kutengeneza barabara lilikuwa limelikata, na barabara nayo haikutengenezwa. Watu walichota kwenye kisima cha bondeni, wakigawana foleni na ng'ombe. Tangi la akiba lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Na katika mfuko wa plastiki fundi aliokabidhiwa hospitalini mkewe alipolazwa, pamoja na saa ya marehemu na kandambili zake, mlikuwa na ufunguo.

Mwenyekiti alifika msibani akiwa na uso uliotayarishwa vizuri. Alikaa kando ya fundi kwenye mkeka, akashusha pumzi.

"Fundi, msiba huu si wako peke yako. Ni wa jamii nzima."

"Asante, Mwenyekiti."

"Kuna wageni wazito watakuja. Watakula, watakunywa, watanawa. Sasa kuna hilo jambo la maji."

"Lipo."

"Tangi limejaa. Na nani ana haki nalo kuliko marehemu? Tuchote kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Cha kutosha."

"Cha kuwatosha watu wangapi?"

"Watakaokuja," Mwenyekiti alisema, akapunga mkono kuuonyesha ulimwengu wote.

Dada wa marehemu, aliyekuwa amekaa mlangoni na macho yamemvimba, akageuka. Yeye ndiye aliyemlea marehemu baada ya wazazi wao kufa, na alikuja na nia moja, kwamba mdogo wake asizikwe kimaskini.

"Shemeji, mpe ufunguo."

"Dada, pale zahanati kuna wajawazito wawili wanangoja siku zao. Tangi likiisha hakuna pengine."

"Watoto wa watu wanazaliwa kila siku. Mdogo wangu anakufa mara moja tu. Aliwachotea wenzake maisha yake yote, leo yeye azikwe mkavu kama kuni? Watu watasema nini?"

"Watasema alikuwa na mkono wa birika. Wameshasema."

"Usinitanie, shemeji. Leo usinitanie."

Maneno ya shemeji yake yalimwingia, kwa sababu hata yeye alitaka hivyo. Alitaka watu washibe, wanawe, waseme mke wa fundi amezikwa kwa heshima. Alitaka kwa mara moja tu watu waliomnunia mkewe waondoke pale na sababu ya kumshukuru. Na alijua Daktari angetoa ufunguo wake akiombwa na mfiwa. Nani angemkatalia mjane mwanamume aliyekonda hivyo?

Aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mwenyezi Mungu amwonyeshe njia. Akangoja. Mungu alikaa kimya, kama afanyavyo mara nyingi anapoulizwa kitu ambacho mwulizaji anakijua. Kilichosikika ni sauti ya Mwenyekiti kule nje, imeshachangamka: "Nyie vijana, leteni ndoo zote, na lile pipa kubwa la dukani. Ufunguo unakuja. Na mniwekee madumu mawili kando, ya nyumbani kwangu, maana pale kwangu kuna wageni watalala."

Fundi akasema amina, akasimama.

Alitoka na ufunguo mkononi. Mwenyekiti alinyoosha mkono, kiganja juu. Fundi akampita kama nguzo, akaenda kwa nesi msichana wa zahanati, aliyekuwa akimenya viazi na akina mama wengine.

"Binti yangu, peleka huu kazini. Usiurudishe hapa, hata mimi mwenyewe nikikuomba."

Nesi akafuta mikono kwenye nguo, akaupokea. "Ukiniomba nikujibuje, baba?"

"Kama angenijibu yeye."

"Basi utaumia, baba."

Baadhi ya akina mama walicheka, kisha wakakumbuka wako wapi, wakaziba midomo. Mwenyekiti alibaki na mkono wake hewani, akaamua kuutumia kujikuna shingo.

"Unatia aibu, Fundi," alisema. "Wageni watanawa nini?"

"Waambie kila atakayekuja kumzika aje na maji yake. Wale wageni wako wa kulala waanze."

Habari hiyo ilisambaa kuliko habari ya kifo chenyewe. Watu walisema fundi amerithi uchoyo kabla hajarithi hata kitanda. Shemeji yake aliacha kusema naye, na kwa kuwa nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu, kununa kwake kulihitaji ustadi. Alipita mbele ya fundi akitazama dari. Alimtumia ujumbe kwa jirani, aliyekaa katikati yao. "Mwambie huyo baba chai iko tayari." Fundi aliinywa.

Mwili uliletwa siku iliyofuata. Pale nyumbani lilikuwepo pipa moja, lenye kifuniko na kitambaa chake, maji ya kisima yaliyochujwa na kutibiwa kama marehemu alivyozoea. Ndilo lililokuwepo. Akina mama walichota ndoo moja, wakafunga mlango. Shemeji wa fundi aliingia nao. Fundi alisimama nje akitazama ukuta, akisali sala aliyoisoma tangu utotoni na ambayo siku ile ilimpotea katikati, akawa anarudi mwanzo, tena na tena.

Mlango ulipofunguliwa, shemeji yake alitoka wa mwisho, mikono yake imelowa. Alikuja moja kwa moja mpaka alipo fundi, bila kupitia kwa jirani.

"Yametosha," alisema.

"Asante, Dada."

"Na yamebaki. Kata nne tu za mwanzo zilimsafisha, hakuwa na uchafu." Akajifuta macho kwa bega. "Ila ungeniambia kwamba huyo mtu wenu aliagiza madumu ya kwake. Ningempa yale ya kuoshea sufuria, usoni."

Watu walikuja kuzika. Walikuja na madumu, na chupa, na ndoo za kichwani. Wengine na maji ya rangi ya chai, wengine na safi. Wachache walikuja na madumu matupu, wakiwa na imani kwamba mambo yatabadilika, wakarudi nayo matupu. Mwakilishi wa wakubwa alileta katoni ya maji ya chupa, akakaa nayo kwenye kivuli. Alisimama akasema zahanati ile ni mfano wa kuigwa katika kujiandaa na uhaba wa maji. Mwenyekiti akasimama baada yake, akasema kamati iliona mbali, ikabuni utaratibu wa makufuli mawili. Alimsifu marehemu kwa ushirikiano wake. Alimvika kilemba cha ukoka kirefu hivi kwamba kama marehemu angekuwa hai kingemwangusha.

Fundi alikuwa akitazama njia. Daktari na nesi msichana hawakuwapo, na mlinzi alikuwa amekuja kunong'ona kwamba mmoja wa wale wajawazito ameanza, tangi limefunguliwa, na wanaomba radhi. Fundi akamwambia hakuna radhi ya kuomba.

Kaburi lilichimbwa kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Kiongozi wa sala alisoma sala fupi, watu wakaitikia. Wanaume wanne wakashusha jeneza kwa kamba, taratibu, kwa sababu udongo ulikuwa mkavu na kingo zilimomonyoka. Fundi aliinama, akachukua udongo, akautupa. Akafuata dada wa marehemu. Kisha wengine wote, kwa zamu. Wanaume wakachukua majembe, wakafukia mpaka udongo ukainuka juu ya ardhi, wakausawazisha kwa migongo ya majembe. Sala ya mwisho ikasomwa.

Fundi alisema, "Nenda salama, mama. Mungu akupokee."

Watu wakaanza kuondoka. Yeye alibaki kidogo na shemeji yake, kisha wakashuka pamoja kwenda nyumbani.